Gitaa la umeme la alumini Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wapigaji wa kwaya, vijana wa bendi na mafundi wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Ninayejibu ni fundi na mpigaji, kwa hiyo upande wangu nautaja mapema: shingo ya alumini naipenda, bodi nzima ya alumini sina haraka nayo.

Gitaa la alumini ni lipi hasa?

Jina hilo hubeba vitu vinne tofauti, na ukienda dukani au mtandaoni bila kuvitofautisha utauziwa usichokitaka. Kuna gitaa la alumini tupu, bodi na shingo. Kuna lenye shingo ya alumini iliyopita katikati mpaka kwenye daraja linaloshika nyuzi, mbao zikiwa zimefungwa pembeni. Kuna la mbao lililofungwa shingo ya alumini kwa skrubu. Na kuna la mbao lililovikwa bati la alumini usoni, kama yale aliyoyafanya Tony Zemaitis kule Uingereza kwa nia ya kupunguza mlio wa "mmm" unaotoka kwenye umeme. Hilo la mwisho kwa muundo ni gitaa la mbao tu, limevaa.

Ni mtindo wa vijana wa sasa?

Hapana. Gitaa la kwanza la umeme kufanikiwa kibiashara lilikuwa la alumini. George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, Marekani, walianza kuliuza mwaka 1932. Lilikuwa dogo, la kulaza mapajani, bodi ya duara na shingo ndefu, vyote vimesubiwa pamoja, na watu wakalibatiza jina la kikaango. Hataza yake ilitoka mwaka 1937. Lalamiko la wapigaji wake ndilo hilohilo mtakaloniuliza hapa chini: taa za jukwaani zikiwaka, linahama sauti.

Baadaye John Veleno wa Florida alichonga ya alumini tupu miaka ya 1970, machache, mepesi kuliko mtu anavyodhani kwa sababu yalikuwa na uwazi ndani. Travis Bean wa California alitengeneza kuanzia 1974 mpaka 1979 yale yenye shingo inayopita katikati ya mbao ya koa, mti wa Hawaii. Jerry Garcia wa bendi ya Grateful Dead alilipiga, na Steve Albini wa bendi ya Shellac hakuachana na lake mpaka alipofariki mwaka 2024. Gary Kramer, aliyekuwa mshirika wa Travis Bean, akaenda kuanzisha kampuni ya Kramer na shingo zilizotiwa vipande vya mbao mgongoni, ili mkono usishike chuma baridi moja kwa moja. Mtu aliyewahi kutuni gitaa saa moja asubuhi Makambako ataelewa walikuwa wanakwepa nini. Siku hizi anayejulikana zaidi ni Electrical Guitar Company wa Pensacola, Florida.

Alumini haishikwi na sumaku. Pikapu itafanyaje kazi?

Pikapu, ile sumaku yenye koili iliyokaa chini ya nyuzi, inasikiliza nyuzi, haisikilizi bodi. Nyuzi zikiwa za chuma au nikeli, umemaliza. Ila chuma chochote kinachopitisha umeme kikiwa karibu sana na pikapu hula sauti za juu kidogo, kwa hiyo kwenye bodi ya alumini acha nafasi kuizunguka pikapu badala ya kuibana kwenye tundu lake.

Faida moja: bodi ya alumini iliyounganishwa vizuri na waya wa ethi huzuia kelele za taa na nyaya. Haizuii kelele ya sumaku ya transfoma. Ukikaa na pikapu ya koili moja nusu mita kutoka kwenye amplifaya, itanguruma tu, hata gitaa lingekuwa la dhahabu.

Sauti yake ikoje? Inafaa sebene, au ni ya roki tu?

Inafaa sana. Alumini ni ngumu kupinda karibu mara tano au zaidi ya mbao, kwa hiyo shingo hainyonyi nguvu ya uzi. Noti inakaa muda mrefu, na zile sehemu za shingo ambazo noti hufa ghafla ni chache au hazipo kabisa. Mwanzo wa noti ni mkali na safi. Kwa mpiga solo anayekaa juu ya freti (vile vyuma vinavyoigawa shingo) ya kumi na mbili, sauti zake zikiwa zimepangana upesi na bila uchafu, ni raha. Kwa ridhimu huwa inang'aa mno, mpaka upunguze tribo, yaani sauti za juu, kwenye amplifaya.

Hata hivyo nisikudanganye. Ukiweka pikapu duni na spika iliyochanika, alumini haitakuokoa. Kama una bajeti ya kitu kimoja, nunua amplifaya nzuri kwanza.

Huku kwetu asubuhi ni baridi. Litakaa kwenye tuni?

Hili ndilo swali lenyewe, na linahitaji hesabu kidogo.

Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha nyuzi. Mbao, kwa urefu wake, hutanuka kidogo kuliko chuma. Kwa hiyo gitaa la mbao likipata joto sauti hushuka, la alumini likipata joto zima sauti hupanda. Wapigaji wengi hulijua la kwanza kwa mazoea, na la pili likiwatokea wanadhani funguo zimeharibika.

Chukua gitaa la kawaida, urefu wa uzi milimita 648. Likitoka nyuzijoto 10 kwenda 20, shingo ya alumini hurefuka kama milimita 0.15, nyuzi zenyewe kama 0.08. Tofauti hiyo ndogo inavuta uzi wa kwanza wa saizi 010 (unene wa inchi 0.010) upande kwa takriban senti 15, yaani sehemu ya saba ya nusu toni. Uzi wa tatu wa 017 huhama zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa Dar es Salaam, ambako joto la asubuhi na la mchana hayapishani kama huku, unaweza usijali sana. Kwa Mbeya mwezi wa Juni na Julai, asubuhi iko chini ya nyuzijoto 10 na mchana juani imepita 20, na Njombe na Makete ndiyo usiseme.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba nyuzi ni nyembamba, zinapata joto kwanza. Ukitoka nje kwenye jua, dakika za mwanzo sauti inashuka. Shingo ikishapata joto, inapanda. Ukituni katikati ya safari hiyo, unatuni bure.

Ninavyofanya ni hivi. Kwaya ikiingia kanisani, gitaa linatolewa kwenye begi palepale na kuwekwa kwenye stendi, mbali na dirisha la jua. Linakaa mpaka watu wamesalimiana, wamepanga maiki, wamegombania viti. Kisha nashika shingo kwa kiganja, juu na chini, kama mtu anayesugua mguu uliokufa ganzi, maana joto la mkono nalo litaihamisha nikishaanza kupiga. Ndipo natuni, nikianza na ule uzi wa tatu. Baada ya wimbo wa pili natuni tena. Baada ya hapo hutulia, na hutulia kuliko mbao.

Jambo moja la ziada: gitaa likitoka kwenye buti la basi la usiku likiwa baridi, usifungue begi ndani ya chumba chenye joto na watu wengi. Litatoka jasho kama chupa ya soda, na maji hayo yataishia kwenye nyuzi na ndani ya jeki, lile tundu la kebo. Liache lipate joto taratibu ndani ya begi lake.

Na masika je?

Hapa ndipo alumini inapolipa deni lake lote. Kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili mbao inakunywa unyevu, kiangazi inaukausha, na shingo inapinda kwenda na kurudi. Ndiyo maana kila mwaka mvua zikianza naletewa magitaa yanayolia "zzz" kwenye freti za chini. Shingo ya alumini haijui mvua. Ukiipanga Mei, Februari utaikuta pale pale.

Ni kweli linaweza kukupiga shoti?

Gitaa lenyewe halizalishi shoti. Linaipitisha, na la alumini linaipitisha vizuri zaidi. Kwenye gitaa la mbao unagusa nyuzi na daraja. Kwenye la alumini mkono wa kushoto umeshika shingo ya chuma, wa kulia uko juu ya bodi ya chuma, na tumbo limeegemea. Vyote hivyo vimeunganishwa na ethi ya amplifaya. Kama ethi hiyo haipo au imebeba umeme, nawe ukaweka midomo kwenye maiki inayotoka kwenye miksa yenye ethi nzuri, wewe ndiye waya.

Si hadithi ya kutishia watoto. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alifariki jukwaani Swansea, Uingereza, mwaka 1972 kwa kugusa maiki ambayo haikuwa na ethi ya kuaminika.

Kwetu huku hatari ina sura zake. Plagi ya pini tatu iliyochomekwa kwenye adapta ya pini mbili: ethi imekwisha. Ekstensheni ya kienyeji yenye nyaya mbili tu: ethi imekwisha. Jenereta ya mkutano wa injili iliyowekwa juu ya nyasi mbichi bila fimbo ya ethi ardhini, wapigaji wamevua viatu. Ukumbi wa zamani ambao soketi zina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna waya. Na aliyekata pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya ili kuondoa mngurumo, huyo simuungi mkono hata kidogo. Mngurumo una tiba nyingine.

Kabla ya kuimba, fanya hivi. Weka multimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye wavu wa maiki, kila kitu kikiwa kimewashwa. Ikisoma volti moja au mbili, endelea. Ikisoma makumi, acha, zima, mtafute fundi umeme. Bisibisi ya tester inaweza kuwaka au isiwake kwa sababu zake, usiitegemee peke yake. Amplifaya na miksa vitoke kwenye soketi moja ya ukutani, na kwenye chanzo hicho iwepo ile sakiti breka ya RCD ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja. Mwenye uwezo anunue wayalesi, kifaa cha kurusha sauti kwa redio: gitaa likiwa halina kebo, halina njia ya kukuunganisha na amplifaya, na hilo kwangu ni sababu nzito kuliko kurukaruka jukwaani.

Radi ikianza, na huku radi haipigi hodi, chomoa plagi ukutani. Usizime swichi tu.

Nitalipata wapi?

Sijawahi kuliona limetundikwa dukani Mbeya wala Iringa, na hata Kariakoo wauzaji wa vyombo vya muziki wanaleta ya mbao kwa sababu ndiyo yanayotoka. Njia zilizobaki ni tatu. Kuagiza jipya kwa mtengenezaji, ambako bei ni maelfu ya dola na foleni ni ya miezi. Kununua lililotumika kupitia ndugu au rafiki aliye nje, ukitafuta Kramer za miaka ya 1970 ambazo kwa kawaida huuzwa nafuu kuliko Travis Bean. Au kuagiza shingo peke yake na kuifunga kwenye bodi ya mbao uliyonayo, jambo ambalo ndilo ninalowashauri wengi.

Forodha watanitoza nini?

Gitaa la umeme linaingia kichwa cha 92.07 katika orodha ya forodha, vyombo vya muziki vya umeme. Usikubali liandikwe kama bidhaa za alumini, maana kuna mtu akiona chuma kwenye risiti anafikiria madirisha. Hesabu inafanywa juu ya thamani pamoja na usafiri na bima, kisha ushuru, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Muulize wakala kiwango cha ushuru cha mwaka huo kabla hujalipa mzigo, na risiti halisi iwe ndani ya boksi.

Kutoka Dar kuja huku, kwa basi, mpe kondakta gitaa likiwa ndani ya begi gumu na ulipie risiti ya kifurushi. Ni zaidi ya kilomita 800 mpaka Mbeya, na kuna magunia ya vitunguu yatakayopanda juu yake Ruaha Mbuyuni.

Mtaani kuna mafundi wanaosubu sufuria. Hawawezi kunisubia gitaa?

Nimeulizwa hivi mara nyingi kuliko lolote, na ni swali la mtu mwenye akili. Mafundi wale wana mikono. Anashindilia mchanga kuzunguka sufuria ya mfano, anaitoa bila kuvunja ukingo, anamimina alumini iliyoyeyuka kwa mkebe wenye mpini mrefu, na robo saa baadaye anagonga mchanga na sufuria inatoka ikiwa na mikono yake.

Bodi inawezekana. Shingo, hapana, na sababu ni hizi.

Malighafi yao ni pistoni za magari, vichwa vya injini, rimu, sufuria kuukuu, vyote pamoja. Pistoni ina silikoni nyingi. Inamiminika vizuri lakini ni ya kuvunjika kuliko kupinda. Sufuria inavumilia, shingo inayovutwa na nyuzi haipaswi kuvumilia kwa bahati. Seti ya kawaida ya 10 mpaka 46 inavuta karibu kilo 46 muda wote, usiku na mchana.

Pili, alumini iliyoyeyuka inameza hewa na unyevu wa mchanga. Ikikatwa utaona vitundu kama vya mkate. Kimoja kikikaa pale shingo inapoungana na kichwa, hapo ndipo itakapokatika.

Tatu, ikipoa inasinyaa kama asilimia 1.3. Kwenye sufuria hakuna anayejali. Kwenye milimita 648 ni zaidi ya milimita 8, na freti ya kwanza inapaswa kukaa milimita 36.37 kutoka juu, ya kumi na mbili 324 kamili. Ukinakili shingo ya rafiki yako kwenye mchanga, mifereji ya freti iwemo, ukaliweka daraja kwa kipimo kilekile cha 648, utapata gitaa ambalo halitapatana na kinanda chochote duniani.

Shingo ichongwe kwenye pande la alumini lililoviringishwa au kusukumwa kiwandani, aina ya 6061-T6 ikipatikana, kwa mashine ya milingi au ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta. Karakana zenye uwezo huo zipo mijini, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanaweza kukuelekeza. Peleka mchoro wenye vipimo. Ukisema tu "nataka shingo ya gitaa" utachongewa mpini.

Kwa bodi, mwambie fundi wa sufuria ayeyushe rimu peke yake bila kuchanganya, asubu ganda lenye uwazi ndani, unene wa milimita 5 au 6, halafu sehemu ya daraja na ya kuingilia shingo isawazishwe kwa mashine.

Uzito?

Ukijaza bodi ya umbo la Stratocaster kwa alumini tupu, bila uwazi, inakaribia kilo 10. Ibada ya Pasaka nzima na kilo kumi begani, shauri yako. Lenye uwazi ndani, au la shingo tu, ni kilo nne na kitu. Tumia mkanda mpana wa ngozi.

Basi mwenye bajeti ndogo afanye nini?

Bodi ya mninga, shingo ya alumini. Mninga ni tulivu, haupindi ovyo, seremala anaujua, na kilo zake zinabebeka. Misonobari ya msitu wa Sao Hill ni rahisi zaidi lakini laini. Skrubu za shingo hulegea ndani yake usipotia bushi za chuma.

Hata hiyo ikishindikana, kata bati la alumini la milimita 1.5 kwa umbo la uso wa gitaa lako, liunganishe na ethi ya jeki. Kelele zitapungua, na kijana atapendeza.

Shingo haina ile fimbo ya kurekebishia ndani. Nitairekebishaje?

Nyingi hazina, kwa makusudi. Mtengenezaji amekwishaamua shingo iinuke kiasi gani chini ya saizi fulani ya nyuzi. Muulize saizi hiyo na ubaki nayo. Ukitaka kuhama kutoka 10 kwenda 9 ukapunguza mvuto wa kilo saba au nane, freti zinaweza kuanza kulia na hutakuwa na pa kukaza, labda uinue daraja.

Nalisafishaje?

Kitambaa kikavu, kila baada ya kupiga. Jasho la mikono ndilo adui. Majivu na steelwool tunavyosugulia sufuria viache jikoni. Majivu yanakula alumini, na vile vinyuzi vya steelwool vikianguka vinashikwa na sumaku ya pikapu, unaanza kuvichomoa kimoja kimoja kwa mkanda wa gundi huku sauti ikikatakata. Doa sugu ondoa kwa polishi ya vyuma, baada ya kufunika pikapu.

Skrubu za chuma zilizokaa kwenye alumini zipake grisi kidogo, la sivyo zitashikana na baada ya miaka kadhaa utazikata kwa drili.

Naweza kulipaka rangi?

Bodi ndiyo, kwa rangi ya gari, ukitanguliza praima maalumu ya alumini. Bila hiyo itabanduka kama ganda la kiazi. Shingo usiipake.

Nimepata lililotumika. Nikague nini?

Tazama shingo kwa kuifumbia jicho moja kutoka kwenye daraja kwenda kichwani. Ikiwa imepinda, liache. Alumini iliyopinda hairudishwi kwa goti. Pitisha kucha kwenye kona ya kichwa na pale shingo inapoingia bodini ukitafuta ufa mwembamba. Kwenye Kramer angalia vile vipande vya mbao vya mgongoni kama vimeachana na alumini, ila hilo linagundishika. Piga kila freti kwenye kila uzi, polepole, bila amplifaya. Mwisho multimita kwenye omu: kutoka kwenye shingo mpaka kwenye mkono wa nje wa jeki isome karibu na sifuri. Isiposoma, kuna waya umekatika ndani, na muuzaji apunguze bei kabla hujamwambia ni waya mmoja tu.